Shahidi Asiyeruhusiwa Kuapa: Mifflin Gibbs, Kutoka Rashi ya Dhahabu Hadi Kiti cha Hakimu

Waheshimiwa mahakimu na mawakili, walimu wetu, wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana,

Tuanze na jozi moja ya buti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850, mtaa wa Clay mjini San Francisco, palikuwa na duka la viatu la watu weusi wawili, Peter Lester na Mifflin Wistar Gibbs. Siku moja akaingia mteja mzungu waliyemfahamu. Akajaribu buti, zikampendeza, akaomba awekewe mpaka arudi. Punde akaja rafiki yake mteja huyo, naye akazitamani zilezile. Akaambiwa zina mwenyewe. Hakukubali: nipeni mimi, yule ni mwenzangu, nitamalizana naye. Akapewa, akaenda zake. Wa kwanza aliporudi na kukuta buti zimeondoka, alimporomoshea Lester matusi, kisha akamchapa kwa fimbo nzito, pigo juu ya pigo. Lester hakuinua mkono, maana angeuinua angepigwa risasi. Na Gibbs, aliyesimama palepale akiona kila kitu, asingepokewa mahakamani kueleza alichokiona.

Si kwamba hakimu wa siku ile alikuwa na chuki binafsi. Ilikuwa ndiyo sheria. Kifungu cha 14 cha sheria ya makosa na adhabu ya California, iliyopitishwa Aprili 1850, kilisema mtu mweusi, chotara au mwenyeji wa asili hataruhusiwa kutoa ushahidi wa kumtetea wala wa kumpinga mzungu. Kikaweka na vipimo: mwenye sehemu moja kwa nane ya damu ya Kiafrika ni chotara, mwenye nusu ya damu ya wenyeji ni mwenyeji. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, katika shauri la George Hall, mzungu aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kumuua Mchina, ilifuta hukumu hiyo kwa sababu mashahidi walikuwa Wachina, ikatamka kwamba nao wamo ndani ya katazo hilo.

Ninyi mnaokaa mahakamani kila siku mnajua uzito wa hilo kuliko mtu wa nje. Kosa linabaki kuwa kosa kwenye vitabu, adhabu ipo, polisi wapo, hakimu yupo kitini. Kinachokosekana ni mtu wa kupanda kizimbani na kuapa. Mwizi mzungu akiingia dukani na hayupo mzungu mwingine, amekwisha kushinda kesi kabla ya kuiba. Hata ukimkamata mali mkononi, nani atasema ni mali yako? Mashauri ya madai nayo yaliwekewa zuio la namna hiyohiyo mwaka 1851, kwa hiyo hata kukopesha kulikuwa kamari. Mwenye duka kama hilo alilazimika kuuza kwa fedha taslimu, au kuhakikisha deni limeandikwa, limetiwa saini, na yupo mzungu aliyeshuhudia.

Mtu aliyezibwa mdomo hivyo ndiye tunayemzungumzia leo, kwa sababu mwaka 1873 alikaa mwenyewe kwenye kiti cha kusikiliza mashahidi.

Neno dogo kuhusu cheo. Wengi humtaja kuwa jaji. Kwa lugha ya mahakama zetu, alikuwa hakimu: alichaguliwa kuongoza mahakama ya jiji la Little Rock, Arkansas, iliyosikiliza makosa ya polisi, yaani ulevi, ugomvi, wizi mdogo na uvunjaji wa sheria ndogo za mji. Kazi ya faini na vifungo vifupi. Sifa yake ni kwamba ndiye mtu mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa kwa kura kuwa hakimu wa jiji. Hakuwa mweusi wa kwanza kushika kazi ya hakimu nchini humo. Macon Bolling Allen wa Massachusetts alimtangulia kwa kuteuliwa, katika miaka ya 1840. Tofauti ya kura na uteuzi tusiipuuze tunapomsifu mtu.

Gibbs alizaliwa huru Philadelphia, tarehe 17 Aprili 1823. Baba yake, mchungaji wa Kimethodisti, alifariki yeye akiwa na miaka 8, mama akabaki akifua nguo za watu. Kijana akafanya vibarua, kisha akajifunza useremala na kuwa fundi kamili. Alikuwa miongoni mwa waliowasaidia watumwa waliotoroka kutoka Kusini wakipitia mji huo. Mwaka 1849 alizunguka magharibi mwa jimbo la New York na Frederick Douglass, wakihutubia dhidi ya utumwa. Ziara ilipokwisha, hana fedha wala mpango, Julia Griffiths, mwanamke Mwingereza aliyemsaidia Douglass katika gazeti lake, alimwambia aache kukata tamaa, aende akafanye jambo kubwa. Akachukua meli ya kwenda California, tabaka la chini kabisa, akavuka shingo ya nchi ya Panama, homa ikamwangusha njiani, akafika San Francisco Septemba 1850.

Hapa wengi hukosea. Wakisikia mtu wa wakati wa dhahabu, wanamwona ameinama mtoni na karai. Wachimbaji wetu wa Chunya na Geita wana neno lao, rashi, yaani watu kukimbilia kwa wingi palipogunduliwa dhahabu, na yeyote aliyewahi kufika kwenye rashi anajua anayeondoka na fedha ni nani: mwenye maji, mwenye chakula, mwenye zana. Gibbs alianza na fani yake ya useremala kwa dola 9 kwa siku, lakini mafundi wazungu waliweka zana chini alipotokea, na mwajiri akashindwa kumbakiza. Akachukua brashi na dawa ya viatu, akaketi mbele ya Hoteli ya Union. Miongoni mwa aliowasugulia buti ni John C. Frémont, aliyekuja kugombea urais mwaka 1856. Kutoka kung'arisha buti akahamia kuuza nguo, na kutoka nguo, pamoja na Lester, akafungua duka la viatu bora vilivyoletwa kutoka Philadelphia, London na Paris. Hesabu yake haikuwa ngumu. Mchimbaji anasimama majini kutwa, ngozi inaoza, ana dhahabu mfukoni na fundi viatu hayupo karibu.

Duka likastawi, na kadiri lilivyostawi ndivyo sheria ile ilivyozidi kuuma, maana asiye na mali hana cha kuibiwa. Tangu 1851 Gibbs na wenzake walianza kuchapisha malalamiko magazetini. Novemba 1855 wakaitisha mkutano mkuu wa watu weusi mjini Sacramento, wa kwanza wa aina yake California. Ajenda yao waliibana. Hawakuanza na kura. Walianza na kiapo, haki ya kutoa ushahidi, na wakatafuta saini za wazungu kwenye maombi yao kwa Bunge, kwa sababu saini zao wenyewe zisingehesabika. Tunaona waliamua vizuri. Kura huibadili sheria kesho, lakini ushahidi unalinda shingo leo. Zuio dhidi ya watu weusi liliondolewa 1863. Wachina walisubiri hadi 1872.

Kabla ya hapo kuna kisa cha kodi. Mwaka 1857 Lester na Gibbs walidaiwa kodi ya kichwa, dola 3 kila mmoja. Wakakataa kulipa. Ofisa akaja dukani, akabeba bidhaa, siku ya mnada ikatangazwa, nao wakatangaza gazetini kwamba hawatailipa kwa hiari maadamu wamenyimwa kura na wamenyimwa kiapo. Sasa angalieni walivyojiokoa. Mnada unahitaji vitu vitatu: mali, dalali na mnunuzi. Mali imekamatwa, dalali ni wa serikali, hawawezi kumgusa. Kilichobaki ni mnunuzi. Rafiki yao mmoja, mzungu wa majimbo ya Kusini yenye utumwa, alipita kimyakimya katikati ya watu akieleza bidhaa zile zimefikaje pale, akiwaomba waziache kama zilivyo. Dalali akanadi, akatazama huku na huku, akakonyeza jicho, akasema hakuna mnunuzi. Bidhaa zikarudishwa dukani, na serikali haikujaribu tena. Hawakumpiga mtu na hawakuvunja amri yoyote. Waliiacha sheria ifike mpaka hatua yake ya mwisho, ikakosa mtu wa kuishika mkono.

Mwaka 1858 habari zikaja kwamba Mto Fraser, kaskazini, upande wa Waingereza, una dhahabu. Gavana James Douglas, aliyekaa Victoria kwenye Kisiwa cha Vancouver, alikuwa mtoto wa Mskoti na mwanamke mwenye asili mchanganyiko kutoka Barbados, na watu weusi wa San Francisco walipata habari kwamba huko watapokewa kama raia wengine. Kundi la kwanza lilifika Victoria tarehe 25 Aprili 1858 kwa meli iitwayo Commodore. Gibbs alifuata Juni, naye hakwenda mikono mitupu. Alipakia unga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, mablanketi, sururu na makoleo.

Tuieleze shehena ile, kwa sababu ndiyo iliyomfanya tajiri. Kufika Victoria ni nusu ya safari tu. Mchimbaji alipaswa kukata leseni, shilingi 21 za Kiingereza kwa mwezi, kuvuka mlango wa bahari, kuingia Fraser na kupanda hadi Hope na Yale, ambako vyombo vya majini hukwama kwenye korongo. Zaidi ya hapo chakula unakibeba mgongoni. Na wengi walikosea majira. Fraser hujaa mwanzo wa kiangazi, theluji ya milimani inapoyeyuka, na kingo za changarawe zenye dhahabu huzama. Maelfu waliofika Juni na Julai walikuta maji yamefunika walichokifuata. Ikawabidi wakae wasubiri, na anayesubiri anakula. Unga ukawa kama dhahabu yenyewe.

Dhahabu ya Fraser nayo haikuwa ya mapande. Ilikuwa laini kama vumbi, ikateleza kwenye karai na mchimbaji asijue. Kwa hiyo walitumia sanduku la kubembeza, mfano wa kitanda cha mtoto mchanga: mbao, miguu ya duara chini, juu bati lenye matundu. Mmoja anatupia changarawe kwa koleo, mwingine anamwaga maji kwa kata huku akibembeza. Mawe yanabaki juu, mchanga unapita matunduni, na sakafuni kuna vijiti vilivyokingama pamoja na zebaki ya kunasa vumbi. Ukimwaga maji mengi, dhahabu yote inaondoka. Ukiyapunguza, udongo wa mfinyanzi unaganda, unaviringika na kubeba dhahabu nje kama mtoto anavyobeba pipi shavuni. Jioni zebaki inakamuliwa kwenye ngozi laini, kisha inachomwa iruke moshi, na moshi huo ni sumu, kama wanavyojua leo watu wa mialo yetu. Sanduku zima linahitaji misumari, bati, kata, ndoo, koleo. Yote hayo yaliuzwa Victoria.

Gibbs alimaliza shehena upesi, akanunua nyumba kwa dola 3,000, sehemu akaipangisha, na Lester akaja wakafungua duka la kushindana na Kampuni ya Hudson's Bay, ambayo kabla yake haikuwa na mshindani wa maana mjini pale. Mwaka 1859 akamwoa Maria Alexander, msomi wa Chuo cha Oberlin, Marekani.

Tusiupambe mji wa Victoria kupita kiasi. Kiapo walipewa, lakini kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama walikataliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1861 Gibbs alikwenda kwenye tamasha ukumbini na mkewe, wakaketi viti vya heshima, na mtu akawamwagia unga wa ngano kutoka juu. Hata hivyo mwaka 1866 alichaguliwa diwani wa kata ya James Bay, akaongoza kamati ya fedha ya jiji.

Na hapa Victoria ndipo alipoanza kusoma sheria, kwa mwanasheria Mwingereza, huku biashara ikiendelea. Kabla hajamaliza akachukua kandarasi ya reli: Visiwa vya Queen Charlotte, leo Haida Gwaii, kampuni ilikuwa imepata makaa ya mawe magumu mlimani, ikahitaji njia ya kuyashusha hadi gatini. Akaenda 1869 na wapima ardhi, maseremala, wahunzi na vibarua, katika nchi ya mvua isiyokoma na misitu ya kukata kabla ya kulaza taruma moja, akaikamilisha, na makaa ya kwanza yakapelekwa San Francisco. Mgodi wenyewe haukudumu. Tabaka la makaa lilikuwa limevunjikavunjika ndani ya mwamba, likafungwa baada ya miaka michache. Yeye alikuwa ameshakwenda Oberlin, Ohio, kumaliza masomo ya sheria mwaka 1870. Umri wake, miaka 47. Wanafunzi mnaojiona mmechelewa mnaweza kupiga hesabu wenyewe.

Kwa nini alirudi Marekani? Kwa sababu nchi ilikuwa imebadilika kwenye karatasi: utumwa umefutwa, uraia na kura vimewekwa kwenye Katiba. Karatasi na ardhi vilikuwa mbalimbali. Alipomtembelea ndugu yake Jonathan, aliyekuwa Katibu wa Jimbo la Florida, alikuta analala darini, na dari imejaa silaha, kwa hofu ya Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowashambulia watu weusi.

Mwaka 1871 Gibbs akahamia Little Rock, akakaa tena ofisini kwa mawakili Benjamin na Barnes kujifunza sheria za Arkansas, akapokewa uwakili 1872, akafungua ofisi na Lloyd Wheeler, wakili mwenzake mweusi. Mwaka 1873 aliteuliwa wakili wa wilaya ya Pulaski, akajiuzulu, kisha akachaguliwa hakimu wa jiji.

Mahakama ya namna ile haiweki historia kwenye vitabu vya rejea. Hukumu zake hazikatiwi nukuu. Lakini ndiyo mahakama pekee ambayo watu wengi huiona maishani mwao, na ndani yake kila kitu kimesimama juu ya neno la mtu: nani alianza ugomvi, nani alimwona nani usiku. Kwa mujibu wa sheria mpya, dobi mweusi aliweza kuapa dhidi ya mzungu mwenye duka, na aliyepima ukweli wao ni mtu aliyetazama fimbo ya mtaa wa Clay akiwa amefungwa ulimi. Kiti hakikudumu. Aprili na Mei 1874 wanaume wawili, Joseph Brooks na Elisha Baxter, kila mmoja akidai ndiye gavana, walikusanya watu wenye silaha mjini hapo hapo Little Rock, mpaka Rais Grant akamtambua Baxter. Mwaka haukwisha Wademokrati, wakati ule chama cha wazungu wa Kusini, wakashika jimbo, na milango ya vyeo vya kuchaguliwa ikaanza kufungwa kwa watu weusi.

Akabaki na vyeo vya kuteuliwa. Mwaka 1877 Rais Hayes alimfanya msajili wa ofisi ya ardhi ya serikali kuu Little Rock, na kwa maoni yetu hii ndiyo kazi yake yenye matunda zaidi, ingawa husahaulika. Sheria ya 1862 ilimruhusu mkulima kuomba ekari 160 za ardhi ya umma: unajaza ombi, unalipa ada ndogo, unajenga, unaishi na kulima miaka 5, kisha unarudi kuthibitisha. Na uthibitisho ule unadai nini? Mashahidi wawili wa kuaminika, watakaoapa kwamba ulikaa na ulilima kweli. Wengi walipoteza ardhi hapo mwisho, si kwa uvivu, bali kwa kukosa mashahidi, kuandika mipaka vibaya au kuchelewa siku. Msajili anayejua thamani ya shahidi ni rasilimali.

Mwaka 1897 Rais McKinley akamteua konsuli wa Marekani Tamatave, Madagaska, mji uitwao leo Toamasina. Akafika mwanzo wa 1898, akiwa na miaka 74, katika bahari yetu hii. Wafaransa walikuwa wameshaitwaa nchi na kupandisha ushuru, na bidhaa iliyoumia kuliko zote ni kile kitambaa cha pamba ambacho pwani yetu kinaitwa merikani. Konsuli alikuwa akiandika ripoti za biashara iliyokuwa ikifa mikononi mwake. Aliondoka 1901, na nafasi yake ikashikwa na William Henry Hunt, ambaye baadaye alimwoa binti yake Ida.

Aliporudi Little Rock, akiwa na miaka 80, alikubali kuwa rais wa benki ya watu weusi iliyofunguliwa 1903. Hapo alikosea, na hatuoni sababu ya kuficha. Mzee wa miaka 80 alitoa jina lake, na usimamizi wa kila siku ukawa kwa wengine. Mwaka 1908 benki ikaanguka, wenye akiba wakapoteza, viongozi wakashtakiwa, na mali yake ikazuiwa kwa amri ya mahakama, kama bidhaa zile za dukani mwaka 1857 zilivyokamatwa na mtoza kodi. Safari hii walalamikaji walikuwa watu wake mwenyewe, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kupanda kizimbani kuapa dhidi yake. Akamalizana nao nje ya mahakama. Alifariki Little Rock tarehe 11 Julai 1915.

Asanteni kwa kutusikiliza. Wenye maswali, hasa kuhusu shauri la Hall na lile katazo la 1850, tusogee mbele.